Kupalilia bila kuinama: njia sita kwa wenye bustani Moshi na Arusha

Masika ya 2019 niliteleza kwenye ukingo wa mfereji hapa Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nikavunjika nyonga. Niliporudi nyumbani na magongo mawili mvua ilikuwa bado inanyesha, na kutoka barazani niliona kishona nguo kimefika usawa wa maharage. Binti yangu akasema, "Mama, wewe pumzika, sisi tutapalilia." Wakapalilia kweli, mara moja. Kisha shule zikafunguliwa.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia inayosemwa, na majirani wenye magoti mabovu, migongo iliyochoka na wengine waliopata kiharusi huniuliza ipi iliyo bora. Siwezi kuwatajia moja. Mwenye goti bovu hafanani na aliyepooza mkono, na ndago si sawa na mchicha pori. Swali linalosaidia ni hili: mwili wako bado unaweza mwendo gani, na gugu lako lina mzizi wa namna gani? Ukishajua hayo mawili, njia tatu kati ya sita zinajiondoa zenyewe.

Mambo ya kupima kwanza

Anza na mwili. Palizi ina miendo minne: kuinama, kuchuchumaa au kupiga magoti, kushika kwa nguvu, na kusimama huku ukisogea. Wengi wetu tumepoteza mmoja au miwili, si yote. Mwenye baridi yabisi ya vidole anaweza kusimama nusu saa bila shida, lakini mpini mwembamba unamtesa. Aliyepata kiharusi ana mkono mmoja imara. Aliyebadilishwa nyonga mara nyingi huambiwa asiikunje kupita nyuzi 90, maana yake kigoda kifupi cha jikoni ni hatari kwake hata siku ambayo hasikii maumivu. Ukiwa umefanyiwa upasuaji, muulize mtaalamu wa fiziotherapia, iwe hospitali ya KCMC au ya Mount Meru, na umwoneshe kwa vitendo unachotaka kufanya. Ukimwambia tu "nataka kulima" atadhani unazungumzia jembe la shamba na atakukataza.

Kisha litazame gugu. Magugu ya mbegu kama kishona nguo na mchicha pori hufa yakikatwa chini kidogo ya uso wa udongo yakiwa machanga. Ndago na sangari ni habari nyingine. Ndago ina vijiazi vidogo vyeusi vilivyoungana chini kwa chini kama shanga kwenye uzi. Ukikata juu, kinachobaki chini kinachipua. Sangari hutambaa kwa vikonyo vyeupe vigumu, na kila kipande chenye kifundo kinaweza kuwa sangari mpya.

Baada ya hapo pima gharama na upatikanaji wa kifaa hapa kwetu, pima hatari ya kuanguka au kujikata, na mwisho pima utahitaji msaada wa mtu mwingine mara ngapi: mara moja kwa mwaka, au kila wiki? Hili la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloamua kama bustani itabaki yako au utakuwa mtazamaji tu.

Jembe la kusukuma

Usilichanganye na jembe letu la kuinua na kukata. Hili ni bamba jembamba la chuma lililolala karibu sambamba na ardhi, kwenye mpini mrefu. Unalisukuma mbele chini ya udongo, sentimita 2 au 3 tu, nalo linakata shingo ya gugu. Lipo pia la kuvuta, lenye umbo la kitanzi, linalokata likienda na likirudi.

Langu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea karibu na soko la Mbuyuni, kwa kipande cha springi ya gari. Nilimchorea juu ya boksi, kwa sababu mara ya kwanza nilipomweleza kwa mdomo alinitengenezea koleo. Bamba lina upana wa sentimita 13. Mpini ni wa mgrivelia, mwepesi kuliko mkaratusi, na ukiusimamisha chini unafika kati ya kidevu na sikio. Huo urefu usiupunguze. Mgongo unauma zaidi kwa sababu ya mpini mfupi kuliko kwa sababu ya kazi yenyewe. Sehemu ya kushika nimezungushia tyubu ya baiskeli mpaka ikawa nene kama gunzi la hindi, ili vidole visilazimike kufumba kabisa. Na kila kabla ya kuanza napitisha tupa kwenye makali mara nne au tano. Bamba butu huteleza juu ya shina, ukajikuta unasukuma kwa nyonga.

Kwa mwili, linadai kusimama na mikono miwili, ila halidai kuinama hata kidogo. Nimelitumia nikiwa na gongo moja kwapani, kwa hatua fupi, kwenye udongo laini, na nisingemshauri mtu afanye hivyo kwenye mteremko. Kwa magugu machanga ya mbegu, yasiyozidi urefu wa kidole, sijaona kinacholishinda kwa wepesi. Kwa ndago linakata juu tu. Ukirudia kila baada ya wiki mbili au tatu inadhoofika, lakini hiyo ni kazi ya misimu. Kwenye sangari usilipeleke, kwa sababu linaikatakata na kuisambaza.

Udongo nao una sauti yake. Huku juu mlimani, wenye asili ya volkeno, ni laini na jembe linapita. Ule mweusi wa tambarare, kuanzia Kahe na kwingine upande wa Arusha, ukilowa unanata na ukikauka unakuwa jiwe. Subiri siku moja au mbili baada ya mvua. Fanya kazi asubuhi ya siku ya jua ili kilichokatwa kinyauke mchana huohuo. Lile gugu lenye maua ya bluu na shina la majimaji, linalopenda kivuli cha migomba, ukilikata jioni ya masika linatoa mizizi kwenye kila kifundo hata likiwa limelala juu ya udongo.

Linamfaa anayeweza kusimama robo saa, ambaye tatizo lake ni mgongo au magoti. Msaada unaohitajika ni mdogo sana, na gharama ni ya fundi mara moja.

Kukaa na kijembe cha mkono

Kwa asiyeweza kusimama muda mrefu lakini ana mikono mizuri, kukaa ndiyo njia ya karibu sana na udongo. Hapa unaona kila mche. Ni njia pekee, kati ya hizi sita, ambayo itakuachia mnavu unaojiotea wenyewe katikati ya vitunguu, na huku kwetu mnavu ni mboga ya siku.

Kiti ndicho cha kuchagua kwa makini kuliko kijembe. Kigoda kifupi kinakushusha vizuri, tatizo ni kuinuka. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kibao chenye mikono miwili ya chuma pembeni: ukikaa unaishika unapoinuka, na ukikipindua, kibao kinakuwa chini karibu na ardhi, unakiwekea kipande cha godoro na kupiga magoti huku mikono ile imesimama kando yako. Mwenye nyonga kama yangu akae juu zaidi, sentimita 45 au zaidi, na atumie kijembe chenye mpini wa sentimita 60 hadi 90 ili afikie chini bila kujikunja. Kiti cha plastiki kwenye udongo uliolowa huzama mguu mmoja na kukumwaga. Kiwekee ubao chini.

Kwa sangari na ndago njia hii inashinda jembe la kusukuma, kwa sababu unaweza kuchimbua na kufuatilia kikonyo mpaka mwisho wake. Tumia kijembe chenye meno mawili au matatu, si bamba. Kwenye vitalu natumia uma wa mezani niliokunja meno yake, na ndicho kifaa changu cha bei nafuu kuliko vyote. Vaa glovu. Upande wa Arusha limeenea gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na vichwa vidogo vya maua meupe; likigusa ngozi mara kwa mara huleta muwasho na vipele, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Lisiguswe kwa mikono mitupu, na ling'olewe kabla halijatoa maua.

Udhaifu wake ni mwendo wa polepole. Eneo la tuta moja ni asubuhi nzima. Na kila unaposogeza kiti ni kuinuka na kukaa upya, ambako ndiko watu huanguka. Inamfaa mwenye bustani ndogo ya mboga karibu na nyumba. Kwa ekari nzima ya migomba, hapana.

Matandazo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia iliyonipunguzia kazi kuliko zote na ndiyo yenye mgogoro mkubwa nyumbani.

Funika udongo kwa unene wa sentimita 5 hadi 10 na magugu mengi ya mbegu hayatapata mwanga wa kuota. Mwili haudaiwi sana, maana unaweza kutandaza kwa reki ukiwa umesimama, au ukaenda ukimwaga kutoka kwenye toroli. Kazi yenyewe ni mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, badala ya kila wiki. Udongo hubaki na unyevu Januari na Februari wakati mfereji umekauka.

Mgogoro ni kwamba majani ya migomba na nyasi ndiyo chakula cha ng'ombe wa ndani. Kila mzigo unaotandaza umeutoa mdomoni mwake. Nilibishana na mume wangu mpaka tukagawana: majani mabichi ya ng'ombe, makavu yanayoning'inia ya bustani. Ambaye hana hata makavu atafute vitu ambavyo ng'ombe havitaki. Pumba ngumu za mpunga kutoka mashine za Chekereni na Mabogini ni nyepesi mno, gunia zima unaliburuta kwa mkono mmoja. Upepo tu ndio adui yake, kwa hiyo zilowanishe. Maganda ya kahawa yanapatikana kwenye viwanda vya kukoboa mjini Moshi. Maranda ya seremala yanafaa kwenye njia za kupita kuliko kwenye mboga. Chini ya vyote hivyo unaweza kutandika maboksi yaliyokunjuliwa, bila utepe wa plastiki. Huwa yanaoza baada ya msimu.

Usirundike kwenye shina la mgomba. Fukusi wa migomba hupenda kujificha hapo. Acha nafasi wazi kuzunguka shina. Ndago haitishwi na matandazo, ncha yake hutoboa hata karatasi la plastiki. Sangari nayo hutambaa chini yake kwa raha. Na mnavu wa kujiotea ndio utauaga, kwa sababu mbegu zake nazo zinafunikwa.

Hatari ya kuanguka ipo: majani mabichi ya mgomba juu ya udongo uliolowa yanateleza kama sabuni. Kwenye njia zako tandaza maranda au mchanga, si majani. Njia hii inamfaa mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, chenye kahawa na migomba, hasa kwa sababu mizizi ya kahawa inayonyonya chakula iko juujuu na jembe huikata, na inamfaa anayeweza kupata mtu wa kusomba mara mbili kwa mwaka.

Kuinua bustani

Badala ya mwili kushuka, udongo unapanda. Jirani yangu mzee, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari na anayetumia kitimwendo, aliniambia siku ya kwanza aliyovuna spinachi yake, "Mwanangu, miaka miwili sikuwa nimeshika udongo." Alikuwa na matope mpaka kwenye viwiko na hakutaka aletewe maji ya kunawa.

Vipimo ndivyo vinavyofanya kazi au kuharibu. Kwa anayesimama na hataki kuinama, uso wa udongo uwe karibu na kiuno. Kwa anayekaa kwenye kiti pembeni ya tuta, sentimita 45 hadi 60 zinatosha. Kwa kitimwendo kinachoingia chini kama mtu anavyokaa mezani, acha uwazi wa magoti wa sentimita 68 hadi 70, na sanduku lenyewe lisizidi kina cha sentimita 15 hadi 20, lisije likafika kidevuni. Upana usizidi sentimita 60 kama unafikia upande mmoja, au 120 kama unazunguka pande zote mbili. Njia kati ya matuta iwe sentimita 90 au zaidi. Kabla fundi hajapiga msumari, mkalishe mwenyewe hapo na umpime mkono.

Kuta zinaweza kuwa za mabanzi kutoka mashine ya mbao, bloku, au mawe. Gharama halisi ni udongo. Tuta la mita 2 kwa 1.2 lenye kimo cha sentimita 60 linameza zaidi ya toroli 20. Chini unaweza kujaza mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, yataoza na kuwa mbolea, ila tarajia udongo kushuka msimu wa kwanza na uwe na wa kuongezea. Angalia udongo unaoletewa. Mimi niliuziwa lori moja lililojaa vijiazi vya ndago, na tuta langu jipya likawa kitalu cha ndago ndani ya mwezi. Chekecha ndoo moja kabla ya kulipa.

Rahisi zaidi ni bustani ya kiroba: kiroba kikubwa, nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, mboga juu na kwenye matundu ya pembeni. Magugu hapo ni ya kuhesabu kwa vidole. Jua hukifanya kiroba kiwe kama karatasi baada ya muda, kwa hiyo kiweke mahali pa kudumu ambapo hakitahamishwa.

Kumbuka maji. Kilichoinuliwa hukauka haraka, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kama hakuna bomba na mpira wa kumwagilia karibu, utakuwa umebadilisha mzigo mmoja kwa mwingine. Njia hii inamfaa mwenye kitimwendo, mwenye mkono mmoja, na mtu yeyote anayetaka mboga za nyumbani tu. Msaada ni mwingi siku ya kujenga, kisha karibu hakuna.

Kibarua

Mwili haudaiwi chochote isipokuwa sauti. Eneo kubwa linaisha kwa siku, sangari inachimbuliwa. Ila utalipa tena na tena, na kijana asiyelijua shamba lako atakata mizizi ya kahawa na kung'oa mnavu pamoja na kishona nguo. Nenda naye, kaa kwenye kiti pembeni kwa saa ya kwanza, mwoneshe mmojammoja. Patana kwa kipande mkiwa mmesimama mbele ya kipande chenyewe. Inawafaa wenye eneo kubwa na wanaopata fedha kidogo kila mwezi kutoka kwa watoto walioko mjini.

Dawa ya magugu

Ni haki kuisema: dawa zinazoingia mpaka mizizini, kama zenye glifosati, ni kati ya njia chache zinazoishika sangari bila kuchimba, na ndago pia hudhoofika ikirudiwa. Lakini bomba la mgongoni la lita 16 likijaa linazidi kilo 16, mzigo ambao nyonga au goti bovu halipaswi kuubeba. Kwenye kihamba chenye migomba, kahawa na maharage pamoja, upepo kidogo tu unapeleka dawa pasipotakiwa. Majani yaliyopuliziwa si ya kumpa ng'ombe. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka glifosati katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, ingawa mamlaka nyingine, ya mazingira ya Marekani mojawapo, hazikukubaliana nalo. Ukiamua kuitumia, nunua iliyosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, apulize mtu mwenye mwili mzima aliyevaa glovu, gambuti na barakoa, na iwe kwenye uzio au njia, mbali na mboga.

Kulingana na hali yako

Kama unaweza kusimama lakini huwezi kuinama, na magugu yako ni ya mbegu, tengenezesha jembe la kusukuma na upite kila wiki kwa robo saa, magugu yakiwa bado kama nyuzi. Ukiweza, ongeza matandazo chini ya migomba ili eneo la jembe lipungue.

Kama magoti na nyonga vyote vimekataa lakini mikono ni mizima, chagua kati ya kibao chenye mikono na tuta la kimo cha kiti. Mwenye maji ya bomba achukue tuta. Asiye nayo akae karibu na ardhi yenye matandazo, ambako unyevu unabaki.

Aliyepooza upande mmoja aanze na viroba viwili au vitatu karibu na mlango wa jikoni, na kijembe chepesi chenye mpini mnene. Akizoea ataongeza.

Mwenye sangari au ndago asianze na chochote hapo juu kabla hajalipia palizi moja ya kuchimbua, udongo ukiwa na unyevu, na vikonyo vyote vikaanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Baada ya hapo ndipo jembe la kusukuma au matandazo vitaweza kumsaidia.

Na mwenye watoto na wajukuu wanaorudi nyumbani Desemba, asiwape palizi. Magugu ya Desemba yataota tena Januari wakiwa wamesharudi Dar. Wape mabanzi, misumari na toroli tarehe 27, wajenge tuta moja kwa vipimo vyako, wewe ukiwa umekaa pale palipokusudiwa, mkono umenyoosha, wakipima mpaka vidole vyako vinapoishia.